Kapo imeacha alama kwenye shingo ya gitaa: tafuta chanzo kabla hujachukua thina

Kapo ninayoongelea hapa ni ile ya kubana nyuzi, kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa, siyo kapo ya wapenzi, ingawa zote mbili zikibana kupita kiasi zinaacha alama. Maswali yanayokuja ni yale yale kila siku: nimetoa kapo nimekuta mstari, shingo inanata, nyuma kuna doa jeusi halitoki, vanishi imeanza kuchubuka, nifanyeje. Na ukifuatilia unakuta mara nyingi alama yenyewe ilikuwa ndogo tu, mtu angeweza kuishi nayo, kilichoharibu gitaa ni matibabu. Kaona doa kakimbilia thina, au kachukua msasa wa seremala namba 120, basi asubuhi alikuwa na kidoa saizi ya punje ya mchele na jioni ana kiraka saizi ya kiganja.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile inayotokea sana, na vipimo vinaanza na vile vya bure. Ila usiruke hii sehemu ya kwanza, maana bila hiyo mengine yote ni kubahatisha.

Kwanza: alama iko juu ya vanishi, ndani yake, au chini yake?

Chukua tochi, ya simu inatosha, zima taa za chumba, ilaze tochi karibu kabisa na shingo ili mwanga upite sambamba na mbao badala ya kumulika kwa juu. Hapo utaona vitu ambavyo mchana huvioni kabisa. Halafu pitisha ukucha taratibu juu ya alama.

Kama ukucha haukwami, pumulia hapo kama unavyopumulia miwani kisha futa kwa kitambaa cha pamba. Alama ikipungua hata kidogo, iko juu, ni uchafu umeganda. Hiyo ndo hali ya wengi na ni habari njema.

Kama rangi ya mbao haijabadilika ila mwanga unavunjika pale na ukucha unashuka kidogo, vanishi imebonyea. Iko ndani.

Kama hujui vanishi ipo au imeisha, lowesha ncha ya kidole kidogo tu uguse pale. Mbao ikigeuka rangi ikawa nyeusi zaidi, ujue hapo hamna vanishi, maji yanaingia kwenye mbao yenyewe. Futa haraka. Hiyo ni chini.

Pili: gitaa lako limepakwa nini?

Hapa ndo watu wanapoumia. Magitaa mengi ya kiwandani ya siku hizi yamepakwa vanishi za jamii ya poliyurethani au poliesta, nitaziita poli. Ni ngumu, zinavumilia jasho na raba bila shida. Nyingine ni nitro, yaani laka ya nitroselulosi, ile iliyoanza kupakwa kwenye magari miaka ya 1920 ikahamia kwenye magitaa. Kampuni ya Gibson wanaitumia mpaka leo kwenye magitaa yao ya Marekani, na magitaa mengi ya zamani ni nitro. Inapendeza, ni nyembamba, ukiikwaruza inarekebishika, lakini ni laini na ina visirani, haipatani na raba na plastiki nyingi. Tatu ni sheleki, inayopakwa kwa kitambaa tabaka juu ya tabaka, utaikuta kwenye magitaa ya klasiki ya mafundi, hiyo hata jasho la mkono inalisikia. Na kuna shingo zilizopakwa mafuta au nta tu.

Njia rahisi ya kujua ni kusoma maelezo ya modeli yako kwa mtengenezaji. Ikishindikana kuna kipimo, lakini fanya SEHEMU ILIYOJIFICHA TU, mfano chini ya kitako cha kifungo cha mkanda au ndani ya mfuko wa shingo kwa gitaa la umeme ambalo shingo inafunguka. Gusa kwa kijiti cha pamba chenye tone la spiriti. Ikianza kunata haraka ni sheleki. Kama haijafanya kitu, kausha, gusa kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Ikilainika ni nitro, isiposhtuka ni poli. Kama huna sehemu iliyojificha, usipime, chukulia kwamba ni nitro na uishi nayo kwa heshima hiyo.

Dalili: mstari au kibonyeo nyuma ya shingo ukitoa kapo

Yangu ilinitokea hivi. Nilimaliza mazoezi nimechoka, kapo iko freti ya pili (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), nikatumbukiza gitaa kwenye begi hivyo hivyo, likakaa siku tatu. Kutoa, nakuta kijistari nyuma kama ile alama inayoachwa na soksi kwenye mguu, na mwisho wa kijistari kuna kitobo kidogo kirefu. Nikageuza kapo nikaangalia raba yake kwa tochi: punje moja ya mchanga, imezama kwenye raba kama kito kwenye pete. Kile kijistari cha soksi kilipotea chenyewe baada ya siku kama mbili. Kitobo cha punje kipo mpaka leo, kila nikishika F dole gumba linakikuta.

Humo ndani kuna sababu mbili za kwanza kabisa: uchafu kwenye raba, na muda. Raba za kapo zinanata kidogo kwa makusudi ili zisiteleze, kwa hiyo zinaokota kila kitu kilichomo begini, mchanga, vumbi la nyuzi zilizoota kutu, makombo. Halafu wewe unakuja kuvikandamiza kwenye vanishi kwa nguvu ya springi. Muda nao una kazi yake, kapo iliyokaa dakika 20 haina neno ila iliyolala usiku mzima, tena sehemu yenye joto kama ndani ya gari, inaipa vanishi nafasi ya kulainika na kushika umbo la raba.

Ya tatu ni kubana sana. Kapo za springi, zile kama kibanio cha nguo, huwezi kuzipunguza nguvu, imewekwa springi ya kutosha shingo yoyote, kwa hiyo kwa shingo nyembamba inazidi. Ya nne raba imechakaa mpaka chuma kinachungulia, na hapo utaona mkwaruzo wenye kingo kali badala ya kibonyeo laini. Ya mwisho, na hii ni kwa magitaa mapya ya nitro, vanishi haijakauka mpaka ndani. Nitro inaendelea kutoa thina yake kwa wiki na hata miezi baada ya kupakwa, ukiinusa kesi, yaani sanduku la gitaa, unasikia harufu tamu ya rangi. Kama bado inanukia, kapo iweke unapopiga tu, ukimaliza toa.

Cha kufanya, kwa mpangilio huu:

Toa kapo na usifanye chochote siku mbili tatu. Ndiyo, usifanye chochote. Vibonyeo vingi laini kwenye nitro vinarudi vyenyewe kama havikuwa virefu, na ukikurupuka kusugua utaondoa vanishi kwenye sehemu ambayo ingejinyanyua.

Osha raba ya kapo kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha kabisa. Ukiona punje imezama itoe kwa sindano. Ukiona raba imepasuka, imekuwa ngumu, au inaacha weusi kwenye karatasi nyeupe ukiisugua, badilisha. Kapo nyingi nzuri zinauziwa raba zake peke yake.

Siku zimepita na kibonyeo kipo? Kama kiko ndani ya vanishi tu na ukucha haukwami kwa nguvu, unaweza kukipunguza kwa polishi ya kusugulia ya magitaa isiyo na silikoni, kitambaa laini, mkono mwepesi, ukifuata urefu wa shingo. Lengo ni kulainisha kingo ili dole gumba lisikikute, siyo kukifuta. Hii ni kwa shingo inayong'aa tu, shingo ya mati, yaani isiyong'aa, usiiguse kwa polishi, tutaifikia.

Kama ni poli na kuna kitobo kirefu, kuna ufundi wa kujaza kwa supa gluu. Safisha, weka tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno, liache likauke mpaka kesho yake, kwangua kwa wembe uliozungushiwa selotepu pande zote mbili ili ukate tone tu na usiguse vanishi jirani, halafu msasa wa maji 1000, 1500, 2000, malizia na polishi. Inawezekana nyumbani, nimeifanya, lakini fanya mazoezi kwanza kwenye kipande cha mbao kilichopakwa vanishi. Supa gluu ikitiririka shingoni umejitengenezea kazi ya wiki. Fungua dirisha na vaa miwani, moshi wake unachoma macho.

SIMAMA HAPA: usijaribu kunyanyua kibonyeo kwa pasi na kitambaa chenye maji. Ule mtindo ni wa mbao tupu. Juu ya nitro au sheleki mvuke unaleta weupe kama maziwa, na kwenye poli unaweza kuibandua kutoka kwenye mbao. Na kama gitaa ni la zamani lenye thamani, weka chini kila kitu, kupakwa upya kunashusha thamani ya gitaa la zamani kuliko hiko kibonyeo chako.

Dalili: nyuzi zinakoroma mpaka ukaze kapo zaidi

Utasema hii inahusiana nini na vanishi. Inahusiana sana, maana watu wengi wanaobana kupita kiasi wanabana kwa sababu bila hivyo nyuzi zinakoroma. Ukitibu koroma umetibu na alama.

Sababu ya kwanza ni mahali ulipoiweka. Kapo inatakiwa ikae karibu kabisa nyuma ya freti, siyo katikati ya nafasi, siyo juu ya freti. Ukiiweka katikati unahitaji nguvu nyingi zaidi kupata sauti ile ile. Isogeze, lakini usiiburute: fungua, nyanyua, weka, funga. Kuburuta ndo kunakochora ile mistari mirefu ya kando ya shingo.

Ya pili raba ina mitaro. Nyuzi zimeichimba mpaka uzi mwembamba unakaa ndani ya mtaro haubanwi. Igeuze kama inageuzika, au badilisha.

Ya tatu umbo. Magitaa ya nyuzi za chuma na ya umeme mengi ubao wa vidole una mgongo kidogo, klasiki uko bapa na ni mpana, karibu milimita 52 pale juu wakati la chuma liko kama 43 au 44. Kapo bapa kwenye ubao wenye mgongo inabana nyuzi za katikati na za pembeni zinalalamika, kapo iliyopinda kwenye ubao bapa inafanya kinyume chake. Hapo hata ukaze mpaka jasho likutoke, dawa ni kununua kapo ya aina ya gitaa lako.

Ya nne ni freti zenyewe kuchimbika au shingo kupinda, na hiyo haihusu kapo.

Kujua kama unabana sana tumia tyuna, kile kipimo cha sauti ya nyuzi. Tyuni gitaa bila kapo, funga kapo, piga nyuzi zote moja moja. Kama zote zimepanda juu, tuseme senti 10 hivi (siyo za pesa, senti 100 ni hatua ya freti moja), unabana mno. Kama una kapo ya skrubu, anza imelegea kabisa, kaza kidogo kidogo huku unapiga, zikiacha tu kukoroma simama hapo. Kwa shingo yenye vanishi laini mimi nashauri ya skrubu, na wanaosema inachelewa kubadilisha katikati ya wimbo wako sahihi, ila wao hawana nitro.

Dalili: doa jeusi, la njano au linalonata pale kapo ilipokuwa, au pale gitaa linapoegemea stendi

Jeusi linalotoka kidogo ukifuta: ni raba imeacha rangi yake. Futa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, kavu juu yake. Likikataa, nafta, ile petroli ya kujazia viberiti vya chuma, ni salama kwa nitro na poli nyingi, ila jaribu kwanza sehemu iliyojificha, weka kwenye kitambaa siyo kwenye gitaa, na usiwe na moto wala sigara karibu, inashika kwa kufumba na kufumbua. Iache ikauke yenyewe.

Linalonata, ukibonyeza kwa kidole linaacha alama ya kidole: hapa ni kemia. Plastiki laini za vinaili na baadhi ya raba zina vilainishi ndani yake, na vilainishi hivyo vinahamia kwenye nitro vikailainisha. Ndo ile unakuta mtu kaning'iniza gitaa ukutani kwenye hanga yenye mpira kwa miezi, anakuja kulitoa limeacha ngozi. Stendi zinaumiza nitro kuliko kapo kwa sababu moja tu, kapo unaitoa na stendi huitoi. Toa chanzo kwanza, liache doa kwenye hewa kavu isiyo na jua kwa wiki kadhaa. Mara nyingi linakuwa gumu tena, ingawa linaweza kubaki na umbo au kivuli cha rangi. Usilisugue likiwa laini, utalitandaza kama siagi.

Kinga yake ni kitambaa cha pamba kati ya raba na shingo. Kipande cha fulana ya zamani kilichofuliwa kinafanya kazi vizuri tu, kwa kapo kata ukanda mdogo uzungushe upande unaogusa nyuma ya shingo, kwa stendi valisha mikono yake soksi za pamba. Usizungushe tepu ya umeme wala mipira ya vinaili ya kupitishia maji, huo ni ule ule ugonjwa unaoukimbia.

Sababu nyingine ambayo watu hawaiwazii: mikono yako. Dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha vanishi na plastiki, na kwa poli pia usijiamini sana. Losheni ya jua inaacha madoa. Sanitaiza ni spiriti, kwa sheleki ni sumu na nitro nayo haiipendi. Kama umejipaka, nawa na kukausha kabla ya kushika gitaa. Tena usiangalie kiganja tu, angalia na mkono wa juu unaolala kwenye mwili wa gitaa.

Doa likiwa na mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, au ukigusa linabanduka, mpelekee fundi magitaa.

Dalili: shingo nzima inanata, mkono hautelezi

Hii kwa asilimia kubwa ni jasho na mafuta ya ngozi yaliyokauka tabaka juu ya tabaka. Kitambaa chenye maji kidogo, kikamue mpaka kiwe karibu kikavu, futa, kausha hapo hapo. Kikiwa cheusi, rudia. Watu wanashtuka kuona shingo waliyodhani ni ya rangi ya chai ni nyeupe.

Ikiwa safi na bado inanata, angalia hali ya hewa, vanishi zinazong'aa zinashika mkono kukiwa na unyevu na joto. Gitaa linapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hapo watu wengi wanaamua kuutoa mng'ao nyuma ya shingo wawe na mati. Ni sawa kwa poli: sponji ya kusugulia ya kijivu au stiliwaya laini kabisa ya namba 0000, sugua kwa urefu, mara mbili tatu, futa, jaribu kwa mkono. Stiliwaya ya jikoni ya kusugulia masufuria HAPANA. Na kama ni gitaa la umeme funika pikapu, yale makoili yanayonasa sauti chini ya nyuzi, kwa selotepu ya karatasi kabla hujaanza, maana pikapu ni sumaku na zitavuta vumbi la chuma lote, nilimfanyia rafiki yangu kazi hii bila kufunika na tulikaa jioni nzima tunatoa vinywele vya chuma kwa blutaki, ule udongo laini wa kubandikia karatasi ukutani.

Kwa nitro fikiria mara mbili, tabaka ni jembamba. Kwa sheleki usifikirie hata mara moja.

Dalili: shingo ya mati imekuwa na sehemu zinazong'aa

Mati ni vanishi yenye uso uliochafuka kwa makusudi ili mwanga usirudi moja kwa moja. Mkono na kapo vinaisugua mpaka inakuwa laini, na laini inang'aa. Siyo uchakavu wa hatari. Sponji ya kijivu kwa mkono mwepesi inarudisha, ila sugua shingo yote mfululizo, ukisugua sehemu moja utabaki na kiraka cha mati badala ya kiraka cha kung'aa. Usipake nta wala polishi, ndo unazidi kung'arisha.

Dalili: mikwaruzo kwenye kichwa cha gitaa

Umekuwa ukiegesha kapo kichwani wakati huitumii. Au pete. Hamna zaidi.

Dalili: vanishi imeisha, mbao iko wazi

Wapo wanaoitamani hii. Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, ya 1961 ya mpiga gitaa Rory Gallagher imebaki karibu haina rangi, na wako wanaolipa pesa ya ziada wapate gitaa jipya lililochubuliwa kiwandani. Kwa hiyo kabla ya kuita ni tatizo, jiulize kama linakusumbua mkononi.

Tatizo halisi liko kwenye shingo na ubao wa vidole wa mepo, ile mbao nyeupe. Mbao hii inapakwa vanishi hata upande wa vidole, na vanishi ikiisha jasho linaingia na pale panakuwa na rangi ya kijivu chafu ambayo haitoki kwa kufuta. Sababu ya kwanza ni kupiga tu miaka mingi, ya pili jasho la mtu, wengine jasho lao ni kali wanakula nyuzi kwa wiki, ya tatu kapo inayoburutwa kwenye kingo.

Nyuma ya shingo, sehemu ndogo iliyo wazi unaweza kuisafisha na kuipaka mafuta ya mbao yanayokauka yakawa magumu, kwa kitambaa, tone moja, subiri dakika kadhaa, futa yote mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kitambaa ulichotumia kitandaze kikauke, usikikunje ukakitupa, mafuta yanayokauka kama ya kitani yanapata joto yenyewe na kuwasha moto. Upande wa vidole mwachie fundi, kwa sababu freti ziko njiani. Na yale mafuta ya limau ya ubao wa vidole ni ya mbao za rozwudi na eboni zisizo na vanishi, kwenye mepo iliyopakwa hayana kazi na pale ilipochubuka yanaweza kuacha doa.

Dalili: weupe kama maziwa, utando wa buibui, na ufa

Hizi tatu watu wanazichanganya.

Weupe ni unyevu umenaswa ndani ya nitro au sheleki. Weka gitaa sehemu kavu siku kadhaa, usiweke juani wala karibu na hita. Usipoondoka, fundi ana njia za kuufungua.

Utando wa buibui, mistari myembamba inayokatiza mbao na ukucha unapita bila kukwama sana, ni vanishi imepasuka kwa kupoa au kupata joto ghafla. Nitro ndo yenye mchezo huu. Haina madhara kwa sauti na haitibiki bila kupaka upya, iache. Siku nyingine gitaa likitoka kwenye baridi kali, acha kesi imefungwa saa kadhaa kabla ya kuifungua.

Ufa ni kitu kingine. Uko mmoja au miwili, unafuata mishipa ya mbao, na mahali pake ni pale shingo inapoungana na kichwa, nyuma ya nati, kile kipande chenye mifereji ambapo nyuzi zinaingia kichwani. Ushike kichwa ukisukume kidogo sana: mstari ukifunguka, au ukisikia mlio, au gitaa limeanza kushuka tyuni lenyewe, hiyo ni mbao. Kapo haikuleta hiyo, kuna siku lilianguka. Legeza nyuzi zote sasa hivi, maana nyuzi sita za chuma zinavuta kama uzito wa mtu mzima. Usimwage supa gluu kwenye ufa, ikishaingia fundi hawezi tena kuunganisha mbao kwa mbao. Lilaze kwenye kesi, kitambaa chini ya shingo, lipeleke, na umwambie fundi kila ulichowahi kupaka pale, hasa polishi yenye silikoni, hiyo rangi mpya inaikataa na inafanya vijishimo kama macho ya samaki, bora ajue kabla hajashika brashi.